Kongwa Waingereza waling'oa visiki kwa mamilioni ya pauni, leo sisi tunavitunza. Ni mradi gani wa kilimo umebaki kijijini kwenu baada ya wenyewe kuondoka?

MkulimaKongwa (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu. Wazee wangu humu, shikamooni.

Nimesoma nyuzi nyingi za kilimo hapa: matikiti, vitunguu, parachichi, na hesabu za ekari moja inatoa milioni ngapi. Ni nzuri kwa mwenye maji na mtaji. Leo naomba tuongee habari za sisi wa ekari tatu nne, tunaolima mtama, alizeti na karanga kwa kutegemea mvua, tena mvua ya Dodoma, ambayo mwaka wa kawaida ni milimita 500 hadi 600 tu, na Februari inaweza kukata wiki tatu mmea ukiwa kiunoni. Swali langu ni moja. Mradi gani ulikuja kwenu, ukaondoka, na kazi ikaendelea bila wao?

Naanza na historia ya hapa kwetu, maana bila hiyo sitaeleweka.

Mwaka 1947 Waingereza walileta Kongwa mradi wa karanga. Vita vilikuwa vimekwisha, kwao mafuta ya kula yalikuwa ya mgawo, wakapiga hesabu kwamba Tanganyika zitalimwa ekari milioni kadhaa za karanga, hapa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Vifaru vya vita viligeuzwa matrekta. Mabuldoza mawili yalifungwa mnyororo wa nanga ya meli katikati, yakatembea sambamba yakiangusha kila mti uliosimama njiani. Mibuyu iliwasumbua, lakini shida kubwa ilikuwa chini ya ardhi. Juu unaona kichaka kinakufika kifuani, chini kuna mizizi imesukana kama mkeka. Majembe yaliisha makali kwa sababu mchanga wetu unakula chuma, na udongo wenyewe ukikauka unakuwa kama saruji, karanga hata zikikomaa hazing'oki. Kisha mvua ikagoma. Januari 1951 serikali yao ikafunga hesabu, na pauni kama milioni 36 zilikuwa zimekwenda.

Babu yangu alikuwa kibarua kwenye mradi ule. Kazi yake ilikuwa kufuata nyuma ya mabuldoza, kukusanya mizizi na kuichoma. Alikuwa akituambia: "Ile mizizi haikuwa inaisha. Tunachoma leo, inyeshe mvua moja, wiki ijayo pameshachipua." Alisimulia kama mtu anayekumbuka adha. Nami nililisikia hivyo hivyo mpaka nilipofika miaka arobaini.

Sasa yangu mwenyewe. Mwaka 2013 kulikuja mradi mmoja wa kupanda miti mashambani, jina lake naliacha. Kila kaya ilipewa miche. Ilishushwa mwisho wa Februari, mvua zikiwa zimebaki wiki chache. Nilichimba mashimo 60, nikamwagilia kwa ndoo kutoka bomba la kijiji mpaka Juni, siku mke wangu aliponiambia: "Baba, maji haya watoto hawajaoga." Nikaacha. Julai mbuzi wakaingia. Desemba nilikuta miche mitatu hai. Bango la mradi lipo mpaka leo barabarani, limepauka.

Kilichoniuma zaidi nilikuja kukiona baadaye. Katikati ya mashimo yangu yale 60 kulikuwa na visiki. Migunga, mikole, mkwaju mmoja. Kila Novemba wakati wa kuandaa shamba nilikuwa navifyeka machipukizi yake na kuyaita magugu. Nilikuwa nabeba maji kilomita moja kumwagilia mche wenye mzizi wa kiganja, huku nafyeka mti wenye mzizi wa miaka thelathini.

Mwaka 2019 shemeji yangu wa kijiji cha pili akanionyesha Kisiki Hai. Ni mbinu inayoenezwa hapa Dodoma tangu 2018 na shirika la LEAD Foundation wakishirikiana na shirika la Justdiggit la Uholanzi. Hawaleti mche. Hawaleti hela. Wanafundisha watu wachache kijijini, hao wanafundisha wengine.

Nieleze inavyofanyika, kwa asiyeijua. Agosti, mavuno yameshatoka, unapiga magoti kwenye kisiki. Unakuta kina machipukizi ishirini, mengine manene kama kidole, mengine kama njiti. Unachagua matatu au manne yaliyonyooka na yaliyotoka chini kabisa, karibu na udongo. Mengine yote unakata. Unakata kutoka chini kwenda juu, kwa panga lililonolewa vizuri, ili gome lisichanike na maji yasituame kwenye kidonda. Yale uliyoyaacha unayapogoa matawi ya pembeni mpaka nusu ya urefu wake. Halafu unafunga kitambaa chekundu au chochote chenye rangi, kila mpita njia ajue huu mti una mwenyewe. Miiba uliyoikata unaizungushia pale pale, mbuzi asifike. Umemaliza, dakika kumi.

Msimu wa pili mgunga wangu wa kwanza ulikuwa umenipita kichwa. Mche wowote niliowahi kupanda kwa mkono haujawahi kufanya hivyo.

Mnisamehe kwa urefu. Naomba uzoefu wenu.

Kishapu_Halisi

Mkuu, umegusa penyewe. Mimi ni Msukuma wa Shinyanga, na kwetu hii habari ni ya zamani kidogo, ina jina lake: ngitili.

Wasiojua, ngitili ni eneo unalolifunga mvua zinapoanza. Hakuna ng'ombe kuingia. Nyasi zinakua, zinakauka zimesimama, na vichaka vinachipua humo humo. Unakuja kulifungua katikati ya kiangazi, Julai au Agosti, unawaingiza kwanza maksai wa plau, ndama, ng'ombe wazee na wagonjwa. Babu zetu walifanya hivi bila kuambiwa na mtu.

Kilichoharibu ni mengi. Wakoloni walifyeka misitu kuua mbung'o. Ikaja pamba. Halafu vijiji vya miaka ya 1970, watu wakahamishwa wakaacha ngitili zao nyuma, na ngitili ni kitu cha karibu na nyumba, huwezi kuilinda ukiwa mbali. Katikati ya miaka ya 1980 Mwalimu Nyerere alipita akaona hali, akasema Shinyanga inageuka jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ikaanzishwa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, ikafanya kazi mpaka 2004, Wanorwe wakisaidia na watafiti wa ICRAF, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto, wakiwemo.

Na wao mwanzoni walianza na miche. Vitalu, mikaratusi. Watu hawakuchangamka. Walipokubali kukaa na wazee na kuwauliza "zamani mlikuwa mnafanyaje," ndipo mambo yakafunguka. Wakati HASHI inaanza, ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600. Miaka kumi na tano baadaye zilikuwa zaidi ya hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002 kazi hiyo ikapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Uchunguzi uliofuata ulikadiria mapato ya ngitili, yaani kuni, malisho, asali, dawa, matunda na nyasi za kuezekea, kuwa dola 14 kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya mtu wa kijijini Tanzania yalikuwa dola 8 na nusu.

Na mlinzi hakuwa bwana misitu. Ukilisha kwenye ngitili ya mtu, unaitwa kwenye dagashida, yaani baraza la jadi la Wasukuma, unahukumiwa na wazee wako mwenyewe, na sungusungu wanahakikisha umelipa. Mtu anaweza kumkwepa afisa wa wilaya. Dagashida huikwepi, maana kesho una msiba utawahitaji hao hao.

BwanaShambaMstaafu

Marahaba vijana. Nimefanya kazi ya ugani Dodoma na Kondoa zaidi ya miaka 30, niongeze moja.

Kabla ya HASHI kulikuwa na HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, ilianza 1973 kwa msaada wa Waswidi. Kondoa makorongo yalikuwa yanaweza kumeza nyumba. Tulichimba makinga maji kwa matrekta, haikutosha. Mwaka 1979 ikatoka amri: mifugo yote iondoke eneo lililoharibika la Kondoa. Yote. Mimi nilikuwa kijana mdogo kazini, niliona wazee wanaswaga ng'ombe wao kwenda wasikokujua, wengine wanalia waziwazi.

Ardhi ilipona, sitadanganya. Nyasi zilirudi, vijito vikapata maji, na baadaye ng'ombe waliruhusiwa kurudi kwa masharti ya kufugiwa zizini. Kwa macho, HADO ilifanikiwa. Lakini nyasi zile watu waliziita "nyasi za mradi". Alama hiyo ni mbaya. Ukisikia mkulima anasema "mti wa mradi", "kisima cha mradi", ujue siku gari la mradi likiondoka na ule mti umekwisha.

Mleta uzi, wewe unasema "mgunga wangu". Hapo ndipo nilipokusikiliza.

MkulimaKongwa (mleta uzi)

@Kishapu_Halisi asante sana kaka, hiyo ya dagashida nitaipeleka kwenye mkutano wa kitongoji.

@BwanaShambaMstaafu mzee wangu, maneno yako nimeyaandika pembeni. Hata huyo aliyeieneza hii mbinu duniani alijifunza kwa kushindwa na miche. Ni Mwaustralia, Tony Rinaudo, alikuwa Maradi, kusini mwa Niger, akipanda miti na ikifa karibu yote. Mwaka 1983 alisimama njiani na trela yake ya miche ili apunguze upepo kwenye matairi apite mchanga. Akaangalia kichaka kando ya barabara, akalitambua jani. Hakikuwa kichaka, kilikuwa mti uliokatwa unaojaribu kurudi. Leo Niger wana zaidi ya hekta milioni 5 zilizorudi miti kwa njia hiyo.

Alizeti_Tupu

Naomba niulize kama mkulima, sio kubisha. Miti shambani inakula mbolea na inatia kivuli. Na mtama wetu adui namba moja ni kweleakwelea, wewe unawawekea pa kutua. Halafu maksai na plau zitapita wapi?

MkulimaKongwa (mleta uzi)

Maswali ya haki hayo, na mimi niliyauliza yote.

Kivuli: ndiyo maana tunapogoa kila mwaka, mti unakwenda juu hausambai. Na mti wenyewe unauchagua. Kuna mgunga ule mkubwa ambao wataalamu wanauita Faidherbia albida, unapukutisha majani mvua zikianza na kuchanua kiangazi. Yaani wakati mtama unataka jua, mti hauna jani. Wakati udongo unaungua, mti una kivuli, na ng'ombe wanakuja kula makoko yake na kuacha samadi pale pale. Mtama ulio chini yake shambani kwangu una rangi nyingine kabisa, wa kijani uliokolea. Kama una huo shambani, usiuguse.

Plau: nimeacha miti kwa kufuata mistari ya kontua, yaani inayokatiza mteremko kwa usawa mmoja, maksai wanapita katikati. Visiki vilivyokuwa katikati ya njia niliving'oa. Sio kila kisiki lazima kiishi.

Ndege: hapo nakubali, ni gharama. Napogoa mara ya pili mwezi wa tatu kabla mtama haujashika punje, inapunguza pa kutua, haimalizi. Bado tunaamka alfajiri na makopo na watoto kama kila mtu.

Mama_Njugumawe

Naomba na mimi niseme, maana naona mnaongea wenye mashamba.

Mimi nimekodi ekari mbili, Mpwapwa. Nalima njugu mawe na ufuta. Nina miaka mitano natembea kutafuta kuni, nikiondoka saa kumi na mbili asubuhi narudi saa nne na mzigo mmoja. Nikisoma hapa roho inataka kuanza kesho. Lakini nikitunza visiki vya mtu miaka mitatu, mwenye shamba akija kuona miti imesimama atanipandishia kodi au atachukua shamba lake achome mkaa. Imeshamtokea jirani yangu. Miradi yote inayokuja inaita "mkulima", na mkulima anayeitwa ni mwenye jina kwenye daftari. Sisi wa kukodi, na wanawake walioolewa ambao shamba lina jina la bwana, tunakuja kwenye semina kupika.

Naomba mnijibu hilo, sio kuni tu.

BwanaShambaMstaafu

Mama, umesema jambo ambalo semina nyingi zinaliruka.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inasema haki ya mwanamke kupata na kumiliki ardhi ni sawasawa na ya mwanamume. Kwa walioolewa, mnapokwenda kuomba hati ya hakimiliki ya kimila, hakikisheni majina yote mawili yanaingia. Msikubali karani aandike moja "kwa kuwa ni kaya moja". Nimeona wajane wakisumbuliwa na mashemeji kwa sababu ya mstari mmoja uliokosekana.

Kwa wewe wa kukodi, dawa ni maandishi. Karatasi moja, wewe na mwenye shamba, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na mashahidi wawili. Andikeni mambo matatu: miaka ya kukodi isiyopungua mitano, kuni za kupogoa ni za mkodishaji au mkodi, na mti mzima usikatwe bila ninyi wawili kukubaliana. Mwenye shamba naye anafaidi, shamba lake linapanda thamani bila yeye kuinama. Mweleze hivyo.

Siaya_Nyumbani

Hamjambo wenzangu, nawasoma kutoka Siaya, Kenya. Uzi huu umenigusa kwa sababu kwetu mradi uliobaki ni wa majani.

Shida yetu magharibi ilikuwa kayongo. Nyinyi nadhani mnaiita kiduha. Lile gugu la maua ya zambarau linaloota kwenye mizizi ya mahindi na kuyanyonya mpaka yanabaki na kimo cha goti. Mmea mmoja unaacha mbegu elfu nyingi sana, na zinakaa udongoni zaidi ya miaka kumi zikisubiri mahindi. Mama yangu aling'oa kayongo kwa mkono maisha yake yote. Anang'oa leo, mwaka ujao ni mara mbili.

Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, pale Mbita, kando ya Ziwa Victoria, wakiongozwa na Zeyaur Khan na wakishirikiana na kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted cha Uingereza, walileta kilimo cha vuta-sukuma miaka ya 1990. Katikati ya mistari ya mahindi unapanda desmodiamu. Harufu yake inamfukuza nondo anayezaa bungua, yule kiwavi anayetoboa shina la mahindi. Kuzunguka shamba unapanda majani ya tembo, yanamvuta huyo nondo, anataga huko, na viwavi vyake vingi havikui, vinanasa kwenye utomvu. Huko ndiko kuvuta na kusukuma. Lakini lililowashangaza hata wenyewe ni chini ya udongo: mizizi ya desmodiamu inaiamsha mbegu ya kayongo, inaota, halafu inashindwa kushika mzizi wa mahindi, inakufa. Kwa hivyo kila msimu akiba ya mbegu inapungua yenyewe. Na desmodiamu ni jamii ya kunde, inarutubisha udongo, na ng'ombe wa maziwa wanaipenda kupita kiasi.

Niseme na upande mgumu. Mbegu ya desmodiamu ni ghali, ni ndogo kama vumbi, na msimu wa kwanza palizi ni mbili na lazima uijue isije ukaing'oa kama gugu. Wengi waliacha hapo. Waliobaki ni wale wenye ng'ombe au mbuzi wa maziwa, kwa sababu hao wanaona faida kila jioni kwenye ndoo, hawasubiri mavuno. Mama yangu alibaki kwa ajili ya ng'ombe. Kayongo ilipoisha alikuwa ameshasahau kuihesabu.

Sehemu kavu siku hizi wanatumia desmodiamu ya aina inayovumilia ukame na brakiaria, nyasi nyingine ya malisho, badala ya majani ya tembo. Wenzetu wa Dodoma mnaweza kuulizia.

Kishapu_Halisi

"Faida kila jioni kwenye ndoo." Mkenya, hapo umemaliza.

Mpwapwa_Kati

Kuna kitu kinazungumzwa sana siku hizi nataka wakulima wenzangu wawe macho nacho: hela ya kaboni, yaani malipo ya kutunza miti kwa kuwa inanyonya hewa ya ukaa.

Sio jambo jipya kwetu. TIST, ule mpango wa makundi madogo ya kupanda miti, ulianzia hapa hapa Mpwapwa mwaka 1999, kabla haujaenda Kenya, Uganda na India. Marehemu mama alikuwa kwenye kundi. Malipo kwa kila mti hai yalikuwa madogo, na hakuna aliyedanganywa kwamba ni makubwa. Kilichobaki ni kundi. Walizoea kukutana kila wiki, kuhesabu, kuandika, na kupokezana uongozi. Mama hakuwahi kukaa darasani zaidi ya la nne lakini daftari la kundi alilishika yeye.

Sasa hivi wanakuja wengine na karatasi. Nimeona mkataba mmoja wa miaka 30, wote kwa Kiingereza, kijiji kinaombwa kusaini siku hiyo hiyo kwa sababu "gari linarudi Dodoma". Jina silitaji. Serikali ilitoa miongozo ya biashara ya kaboni mwaka 2022, na kituo cha taifa cha kaboni kipo SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Ukiletewa karatasi, peleka kwa mtu akusomee kwa Kiswahili, ulizeni mgawo wa kijiji ni kiasi gani, na mti ukifa kwa ukame analipa nani. Miaka 30 unamsainia mjukuu.

Alizeti_Tupu

Nimesoma majibu yote, nashukuru. Bado moja. Serikali tangu msimu wa 2022/2023 inatoa ruzuku ya mbolea, tumejisajili. Hii mambo ya visiki inamaanisha tuache mbolea?

MkulimaKongwa (mleta uzi)

Hapana mkuu. Mwenye mahindi Songea au Njombe, mvua milimita elfu na zaidi, mbolea ya ruzuku ni mkombozi, achukue kila mfuko anaostahili. Kwetu kinachopungua kwanza ni maji. Ukiweka mbolea halafu Februari mvua ikakata, umenunua mbolea ya jua. Mimi nimeanza na maji: matuta fungiwa, lile tuta unaliziba kila hatua mbili ili tone lizame lilipoangukia, nimechimba makinga maji mstari wa juu wa shamba, na samadi naweka kwenye shimo la mbegu badala ya kuimwaga shamba zima. Mbegu ni Macia, mtama wa muda mfupi. Miti inavunja upepo wa kiangazi, ule unaobeba udongo wetu mwekundu. Hayo yakikaa sawa, mfuko mmoja wa mbolea unafanya kazi ya miwili.

Sijawa tajiri. Mwaka jana mvua ilikata siku ishirini na mbili, nikavuna magunia manne kwa ekari, na jirani asiye na matuta akavuna moja na nusu. Mwaka ambao mvua ilikuwa nzuri tulilingana. Nasema hili ili mtu asije akaanza akitegemea miujiza.

Mfugaji_Nyika

Salaam. Mimi ni mfugaji, na kwa kawaida nyuzi za wakulima zikifika hapa huwa tunatukanwa. Huu sijaona, ndiyo maana naandika.

Mleta uzi, mbuzi walioingia kwako Julai walikuwa na mwenyewe, na huenda alidhani ni desturi: mavuno yakitoka, mabaki ni ya wote. Ukifunga vitambaa vyekundu bila kutuambia, sisi tunaona vitambaa tu. Tuiteni kwenye kikao kabla, sio baada ya kesi. Kwetu tulikubaliana na wakulima wa kijiji cha jirani: wanatuachia mabua, sisi tunalaza ng'ombe shambani usiku kadhaa kwa zamu, samadi inabaki. Na miti ya vitambaa watoto wetu wa machungani wanafundishwa kuijua. Mtoto anayechunga akiambiwa makoko ya ule mgunga kiangazi yataangukia ng'ombe wake, ataulinda kuliko askari.

MkulimaKongwa (mleta uzi)

Mkuu, nimepokea kwa mikono miwili. Sikuwahi kwenda kuongea na mwenye mbuzi wale. Nilikwenda kwa mtendaji moja kwa moja. Kikao cha kitongoji ni Jumapili, nitamwomba mwenyekiti awaite.

Mama_Njugumawe (wiki tatu baadaye)

Narudi kuwapa mrejesho, kama nilivyoahidi moyoni.

Nilikwenda kwa mwenye shamba na karatasi kama mzee alivyoelekeza. Alikataa mara ya kwanza. Mara ya pili nilimpeleka shambani, tukahesabu visiki pamoja. Ekari mbili, visiki 71. Yeye mwenyewe alikuwa hajui. Tulipofika kwenye mkole mmoja akasimama, akasema huu alikuwa anakula matunda yake akichunga, alijua ulishakufa. Hapo ndipo alipolainika.

Tumeandikishana miaka sita. Kuni za kupogoa ni zangu, mti mzima ni wake na haukatwi kabla ya miaka sita kwisha. Mwenyekiti wa kitongoji ameweka muhuri, mashahidi ni mjomba wake na mama mmoja wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa.

Nimepogoa 38 mpaka jana. Matawi niliyokata yamejaa nyuma ya nyumba, sijaenda msituni siku tisa. Vitambaa viliniishia, nikachana khanga ya zamani. Naomba kuuliza: kuna visiki vimechipua juu kabisa kwenye mkato, chini hakuna hata chipukizi moja. Hivyo navifanyaje?

MkulimaKongwa (mleta uzi)

Hongera sana mama. Vya namna hiyo vikate tena upya chini, vidole viwili vitatu kutoka kwenye udongo, mkato wa mshazari, kabla mvua hazijaanza. Usichague chochote mwaka huu. Viache vichipue vyenyewe, Agosti ijayo ndipo uchague.